Kaka katoroka wodini na kanula mkononi, nifanyeje?

SWALI: Anti shikamoo. Mi naishi Mbagala na kaka angu, kwakweli ni teja, anajidunga, mwaka wa sita huu. Juzi kati jipu lilimvimba pajani hadi kutembea hawezi, tukampeleka hospitali wakampasua wakasema alale siku saba achomwe sindano. Siku ya pili asubuhi nafika na chupa ya uji nakuta kitanda kitupu, shuka limelowa jasho chapachapa, kaondoka na kanula, kale kamrija ka sindano, mkononi. Nesi akanambia hawa watu hawana shukrani. Sasaivi yuko nyumbani, kidonda kinanuka, hospitali anaogopa kurudi. Nimesikia kuna dawa ya kunywa, naanzia wapi?
Dada mtu, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole, na uji wako nao pole. Hilo shuka ndo jibu lenyewe. Mtu wa unga, yani heroini, akikaa masaa nane hadi kumi na mbili hajapata, mwili unaanza kudai, ndo arosto hiyo, jasho linamtoka, pua inachuruzika, tumbo linakata, mifupa inauma, na siku ya pili ya tatu ndo arosto inakuwa kali kuliko zote. Kakako hakukosa shukrani, alikimbia arosto, na mwenye arosto humshiki kwa mawaidha hata uwe sheikh.

Mrudishe leoleo, kidonda kinachonuka sio cha kusubiri. Mkifika amwambie daktari wazi kwamba anatumia unga, kete ngapi kwa siku na mara ya mwisho saa ngapi, aombe arosto itibiwe sambamba na jipu. Af ulizia ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, mwombe awaunganishe na kliniki ya methadoni, hiyo dawa ya kunywa uliyoisikia, inayotuliza arosto, KABLA ya ruhusa. Muhimbili walianza 2011, Mwananyamala wakafuata 2012, Temeke 2014, na kwenu Mbagala Temeke ndo jirani. Dawa ni ya maji, haiuzwi, anainywa kila siku mbele ya mhudumu, na mwanzoni dozi inapandishwa kidogokidogo kwa hiyo msitegemee siku ya kwanza arosto yote iishe.

Ila ninachokusisitizia, usikubali kuondoka na barua tu. Barua nyingi zinaishia kijiweni. Siku ya ruhusa panda naye daladala mpaka dirishani kliniki, au aombewe mwelimisha rika, hawa waliokuwa wanatumia wakaacha, amfuate hukohuko wodini, maneno yake yatamuingia kuliko yako (usinune).

Akipimwa akakutwa na TB, wodi na kliniki wote wajue. Dawa moja ya TB, rifampisini, inaipunguza nguvu methadoni, arosto inamrudia mtu anadhani kapunjwa, anaacha zote mbili, kumbe ilitakiwa daktari aongeze dozi ya methadoni tu.

Na hili ndo linaloniogopesha zaidi: akilala wodini wiki nzima bila unga mwili unausahau, siku akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kukata pumzi palepale. Kwa hiyo akitoka asilale chumba peke yake. Mkimkuta anakoroma vibaya, midomo imebadilika rangi, mnamuita haitiki, msimwagie maji wala kumnywesha maziwa, mlazeni ubavu, tafuteni usafiri mkimbie naye hospitali, na mkifika semeni ni unga.