Jibu: Seva kuganda kila baada ya dakika 15

Salamu, ndugu. Umeeleza kwamba seva yenu, yaani kompyuta inayoendesha mchezo wenu wa mtandaoni, huganda kwa sekunde kadhaa kila baada ya dakika 15, wachezaji na majoka wakisimama kama sanamu katikati ya pambano. Kabla ya kulaumu intaneti, linganisha saa za kuganda huko na saa ambazo seva huhifadhi ulimwengu wa mchezo. Kwetu zilioana kabisa. Chanzo kilikuwa maelfu ya vitu vilivyotelekezwa ardhini, panga zilizovunjika na ngozi za mbwa mwitu, vyote vikihifadhiwa upya kila mara. Tuliviwekea muda wa kufutika, na mgando ukapungua. Tengeneza nakala rudufu kwanza: mimi sikufanya hivyo, na hazina iliyopangwa sakafuni katika ukumbi wa chama kimoja cha wachezaji ikafutwa pamoja na takataka.