Uliza Shangazi: Daftari la shukrani limenishinda

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nakaanga chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na yanapoegeshwa malori. Mhubiri mmoja redioni alisema ukiandika mambo matatu ya kushukuru kila usiku kwa siku 21, tabia inakuwa yako. Nikanunua daftari. Juma la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, kila ukurasa ni "uhai, afya, watoto". Usiku mmoja usingizi ukanichukua kabla sijaandika, na tangu hapo naona haya hata kulifungua. Halafu kuna vijana wa bodaboda wanaokula kwa mkopo. Nikiwadai najiona mnung'unikaji. Je, mimi sina shukrani, au nianze kuhesabu upya? Mkaanga chapati, Busia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihesabu upya. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza vitu vidogo, kama kula tunda mchana au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Matokeo yalipotoka mwaka 2009, wastani ulikuwa siku 66. Kuna aliyezoea kwa siku 18, na kuna aliyekadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuwaharibia kitu, kwa hiyo usingizi wako haukukuibia chochote.

Tatizo ni huo usiku wenyewe. Mtu aliyeamka alfajiri kukanda unga, saa nne usiku ataandika nini zaidi ya "uhai"? Tabia mpya hushika upesi ukiifunga kwenye jambo unalolifanya tayari bila kufikiri. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkunga, na kati ya mama mmoja na mwingine ni lazima unawe. Sabuni ikiwa bado mikononi, nilikuwa namtaja mtu mmoja moyoni: yule mama aliyeniminya kiganja mpaka kucha zikaacha alama, kisha akaniomba radhi, mfagiaji aliyeleta ndoo ya maji kabla sijaita. Sikuandika hata mstari.

Wewe nafasi yako ni pale makaa yameshika lakini kikaango hakijapata moto, na donge la kwanza umeshalisukuma. Simu iache mfukoni. Mtafute mtu mmoja wa jana na alichokutendea. Nani alikusaidia kuvuta turubai mvua ilipoanza? Dereva gani alirudi na chenji uliyomzidishia? "Afya" ya leo haina tofauti na ya jana, ndiyo maana imekuchosha. Watu hubadilika kila siku.

Kisha akipita, mwambie: "Jana ulinifaa, asante." Hapa ndipo wengi hukwama, hasa ninyi wanaume, sijui mnaogopa nini.

Daftari usilitupe, ila lifungue Jumapili tu. Mwaka 2003 Wamarekani wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo kundi moja liliandika mambo ya kushukuru, yasiyozidi matano, mara moja kwa juma kwa majuma kumi. Walijiona wameridhika na maisha kuliko kundi lililoandika kero. Mara moja kwa juma, mwanangu!

Kuhusu vijana wa bodaboda, dai. Nani alikuambia mwenye shukrani hadai? Unga unanunua, mayai unanunua, hata kavera, mfuko wa plastiki wa kufungia, ni hela. Ukinyamaza, kinyongo kitakuingia, na huyo kijana hutaweza kumshukuru hata akikubebea gunia la makaa bure. Geuza daftari, kurasa za nyuma andika jina na kiasi, naye aone unavyoandika. Wadai jioni, siku ikiwa imewalipa, wala usiwafuate stendi mbele ya abiria. Na anayedaiwa rolex tatu hapewi ya nne.