Makato ya ovadrafti: je, yanadaiwa mahakamani?

SWALI: Ndugu Mshauri, ninafanya biashara ya mbao hapa Mafinga, na nina ovadrafti katika benki moja, yaani ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya zilizomo kwenye akaunti hadi ukomo wa shilingi milioni 5, ambayo hunisaidia kuwalipa wapasuaji na wenye magari wakati ninaposubiri fedha za wateja wa Dar es Salaam. Mwaka jana mteja mmoja alichelewa kulipa. Nikiwa nimefikia ukomo, benki ilikata ada yake ya mwezi, ada hiyo ikanivusha ukomo, nami nikatozwa faini kwa kuuvuka. Mwezi uliofuata ilikuwa vivyo hivyo, hadi makato yakafika shilingi 640,000. Binamu yangu aliyeko Uingereza anasema kwamba kule watu hurudishiwa makato ya namna hii kwa kufungua madai madogo mahakamani bila wakili. Je, nami ninaweza?
Mfanyabiashara wa mbao, Mafinga

JIBU: Ndugu yangu, unaweza kudai, na ninakusihi udai. Hata hivyo, habari aliyokupa binamu yako ina sehemu ya pili ambayo huenda hakuisikia. Ni kweli kwamba katikati ya miaka ya 2000 maelfu ya Waingereza walifungua madai madogo wakisema faini za ovadrafti zilizidi mno gharama halisi ya benki, na benki nyingi zilichagua kurudisha fedha kuliko kusimama mbele ya hakimu. Mwaka 2007 suala hilo likapelekwa mahakamani kama kesi ya mfano, ambayo uamuzi wake ungeongoza madai mengine, na tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba makato yale ni sehemu ya bei ya huduma, kwa hiyo mamlaka ya kule ya kusimamia haki katika biashara haikuweza kuyapima kwa kuuliza kama ni makubwa kuliko thamani ya huduma yenyewe. Tangu hapo hoja ya jumla kwamba makato ni makubwa mno ilidhoofika sana. Faini zenyewe zilikuja kukomeshwa Aprili 2020, pale mdhibiti wa huduma za fedha wa kule alipopiga marufuku ada za mkupuo (za kiasi kimoja kilichopangwa) kwenye ovadrafti na kuagiza benki zitoze riba tu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanahusu barua utakayoandika. Ukiandika tu kwamba umeonewa, benki itakujibu kwamba ulisaini mkataba. Hoja yako yenye nguvu ni nyingine kabisa: ada ya benki yenyewe ndiyo iliyokuvusha ukomo, na benki ikakuadhibu kwa tendo lake. Chukua mkataba wako uone faini hiyo imeandikwaje, inatozwa wakati gani, na kama kuvuka kunakosababishwa na ada za benki kunahesabiwa. Ikiwa mkataba unaiita adhabu ya kuvunja masharti, kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinakusaidia, kwa maana aliyevunjiwa mkataba anastahili fidia ya kiasi cha haki isiyozidi kiwango kilichotajwa. Si lazima apate kiwango chote kwa sababu tu kimeandikwa. Ikiwa unaiita ada ya huduma, tegemea benki itajibu kama zilivyojibu zile za Uingereza, nawe ujikite katika kosa la hesabu na mpangilio wa makato.

Omba taarifa ya akaunti ya kipindi chote, upige mstari chini ya kila kato unalolipinga, kisha umwandikie meneja wa tawi ukitaja tarehe, kiasi na kifungu cha mkataba kwa kila moja. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo utabaki kubishana kuhusu barua badala ya fedha. Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinaitaka benki iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na usiporidhika na jibu, unaweza kulifikisha lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mbeya. Anza na benki yako, kwa kuwa Benki Kuu itataka kuona kwamba benki yako ilipewa nafasi ya kujirekebisha.

Mahakama iwe hatua ya mwisho. Hatuna mahakama maalumu ya madai madogo kama ya Uingereza, lakini Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya deni litokanalo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na unaweza kujieleza mwenyewe. Karani atakueleza ada ya kufungua shauri. Usikawie miaka, kwani kwa Sheria ya Ukomo, inayoweka muda wa mwisho wa kufungua kesi, madai ya mkataba hufa baada ya miaka 6.

Jambo moja linanitia wasiwasi: wengi wakishakasirika huacha kulipa kabisa. Endelea kurejesha kiasi ambacho hukipingi, na useme hivyo ndani ya barua, la sivyo benki itapata sababu ya kuripoti kwamba umeshindwa kulipa, na taarifa hiyo itakufuata katika kila benki utakayoomba mkopo.