Re: Nimehamia Uyole, majirani siwajui, nianzie wapi?
Pole mkuu kwa hao kuku wako uliosema wameibwa. Miezi mitatu mtaani bila kumjua jirani ni mingi aisee. Mi nilivyohamia Isyesye, hukuhuku Mbeya, nilianza kwa mjumbe wa nyumba kumi, akaniandika, akaniambia kuna mchango wa ulinzi shirikishi na wa misiba, nikatoa siku hiyohiyo. Ila kilichonifungulia milango kweli ni msiba, nilibeba kuni nikakaa na wazee kwenye moto, baridi ya Julai si unaijua, mpaka saa nane usiku tushapeana namba za simu. Sa hivi nikisafiri jirani ndo ananiwashia taa ya nje. Af geti usilifunge mchana kutwa bana, wanaona unaringa. Polisi 112, zimamoto 114, bandika mlangoni watoto wazione.