Ukipanda kilimani na kiti mwendo, uliza mita ishirini za mwisho

Kigoma ni mji wa mteremko. Ukitoka stesheni, ambako reli ilifika mwaka 1914, barabara ya Lumumba inapanda tu kuelekea Mwanga, miembe huku na huku. Mwaka wa tisa sasa natumia kiti mwendo, na mabega yangu yanaijua barabara ile vizuri. Kwa hiyo mlima wenyewe haukunitisha nilipoamua kwenda kuona jengo moja la kale lililo juu ya kilima. Nilipiga simu kwanza.

"Gari linafika hadi juu?"

"Linafika, dada, ondoa shaka."

Na kweli bajaji ilitufikisha juu. Kutoka iliposimama hadi mlangoni ndiko kulikokuwa na kazi: kokoto zinazomeza magurudumu ya mbele, kisha ngazi saba za mawe. Sijasema neno, vijana wanne wameshaninyanyua. Walikuwa na roho nzuri, hilo nalisema wazi. Lakini mmoja alishika egemeo la mkono, na maegemeo ya kiti changu yanachomoka. Lilimbaki mkononi tukiwa ngazi ya tatu. Kiti kikalala upande, nikawa natazama yale mawe na kumwita mama. Mwenzake aliwahi kudaka fremu. Sikuumia, ila mikono ilinitetemeka hadi jioni.

Tangu siku hiyo siulizi tena kama panafikika, maana kila mtu hujibu ndiyo. Nauliza vitu vya kuhesabu. Ngazi ni ngapi? Chini pana kokoto, mchanga au saruji? Mlango una upana wa sentimita ngapi? Kiti changu kina 64, nimepima pamoja na pete za kusukumia, kwa sababu hizo ndizo zinazokwaruza fremu ya mlango na vidole. Naomba pia picha ya mlango kwa WhatsApp. Na choo, tafadhali uliza choo kabla hujanywa maji ya safari.

Wakikuambia kuna njia ya mteremko, uliza urefu wake. Kipimo kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili: ngazi yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Ubao mfupi uliolazwa juu ya ngazi tatu ni mtego. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike, kwa hiyo ukiuliza huombi fadhila.

Kama ni lazima ubebwe, wewe ndiye msimamizi. Funga breki, waonyeshe kwa kidole sehemu ya fremu ya kushika, wakataze maegemeo na magurudumu, na hesabu moja, mbili, tatu kwa sauti yako. Kushuka mteremko mkali, msaidizi akugeuze, ushuke kinyumenyume, yeye akiwa upande wa chini. Wengi hukushusha ukitazama mbele, na kiti kikikwama kwenye jiwe wewe ndiye unayeruka. Bajaji nayo ina yake: beba mipira yako miwili ya kufungia kiti kilichokunjwa. Usitegemee ya dereva.

Mwezi uliofuata nilikwenda Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, ambako jiwe limeandikwa tarehe 10 Novemba 1871 kama siku Stanley alipomkuta. Mwembe wa wakati ule haupo tena, ila iliyopo inasemekana ni uzao wake. Nilitaka kukaa kwenye kivuli hicho. Kabla ya kulifikia jiwe gurudumu la mbele lilizama kwenye mchanga. Mzee mmoja aliyekuwa akifagia majani aliweka ufagio chini, akaja hadi mbele yangu, akainama kidogo tuangaliane.

"Mwanangu, nishike wapi?"

Nikamwonyesha.