Maswali ya Wasomaji: Mwenzangu Chumbani Haamki

*Tunakaa wanne chumba kimoja hosteli, Mabibo. Mwenzetu amekuwa wa kulala tu tangu wiki mbili zilizopita. Haogi, darasani haji, chipsi tunazomletea zinalala hadi asubuhi. Wenzangu wanamtania kwamba atapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Nianzie wapi? (Mwaka wa pili)*

Siku umeshazihesabu, vizuri. Huzuni ya sapu (mtihani wa marudio) au ya kuachwa hupanda na kushuka. Ikidumu wiki mbili, karibu kila siku, na hamu ya kula, usingizi na vitu alivyovipenda vimeondoka pamoja, aonwe na mtaalamu. Kuupa ugonjwa jina si kazi yako.

Mtafute akiwa peke yake. Sema ulichokiona, si unachokidhania: "Wiki ya pili hii huli na darasani huji. Kuna nini?" Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: ukimya wa sekunde kumi unawashinda, wanaujaza kwa "jipe moyo" au "mbona fulani amefiwa na bado anasoma". Atakujibu "niko poa", na hutapata neno jingine.

Kisha uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, wengi hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Akisema ndiyo, usiahidi kuficha. Asiachwe peke yake, ondoeni chumbani dawa, nyembe na sumu ya panya, na siku hiyohiyo mpelekeni kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu: Muhimbili, Mwananyamala, Amana au Temeke. Kama hatari hiyo haipo, usimwambie "nenda kwa mshauri wa wanafunzi". Sema "kesho saa nne twende", na ukae naye kwenye benchi.

Kuhusu utani: Mirembe ni hospitali ya Dodoma, na watu hutibiwa huko wakarudi makwao. Mwambie hivyo mtani mkuu mkiwa wawili. Ukimkemea mbele ya wote, ataongeza.

*Nimeandikiwa fluoxetini, dawa ya sonona. Naogopa kuwa teja wa vidonge, na chuo kikijua nitaonekana chizi. Mitihani ni wiki tatu zijazo. (Kigamboni)*

Fluoxetini haileti uteja. Ubaya wake ni kwamba kichefuchefu na usingizi wa kukatikakatika hutangulia, ilhali nafuu huja baada ya wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Anayeacha wiki ya pili ameonja machungu tu. Imeze asubuhi baada ya chai. Ya usiku huweza kukukosesha usingizi. Kwa walio chini ya miaka 25, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka mwanzoni, kwa hiyo awepo mtu mmoja anayejua unachomeza, na yakija rudi kliniki bila kungoja tarehe. Ukipata nafuu bado utaendelea kwa miezi, na kuacha kupangwe na daktari. Cha kuogopa ni diazepamu ya kununua dukani ili ulale: hiyo mwili huizoea upesi.

Kuhusu chuo, mwombe daktari barua isiyotaja ugonjwa. "Yuko kwenye matibabu, anahitaji muda" mara nyingi hutosha. Na kuahirisha mtihani huombwa kabla. Ukishaufanya ukafeli, barua ya baadaye ni shida kumwokoa mtu asidisko, yaani asiondolewe chuo kwa kufeli. Peleka maombi wiki hii, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

*Serikali ya wanafunzi tunapanga matisheti na maandamano ya Siku ya Afya ya Akili, 10 Oktoba. Mnashauri nini? (Mlimani)*

Matisheti punguzeni. Oktoba hiyo mwaka wa kwanza wengi ndiyo kwanza wanatafuta vyumba. Wanaovunjika huonekana boom (fedha ya mkopo ya kujikimu) likichelewa na mitihani ikikaribia. Kinachobadili mtazamo ni kumsikia mwenzao aliyeugua akapona, akisimulia kwa hiari yake na kujibu maswali. Mchungaji au shehe akikaa pembeni yake, vizuri zaidi, maana wengi huanzia huko.

Mshauri mpeni meza palepale panapopimwa presha na sukari, ya mwisho kwenye mstari. Anayekaa hapo ataonekana amekuja kupima presha. Meza yenye bango la "Afya ya Akili" peke yake chini ya mwembe, hata kwa soda ya bure, haitapata mtu.