Wasomaji Wauliza: Takwimu za Netiboli

SWALI: Salaam wahariri. Mimi ni katibu wa timu ya netiboli ya wasichana hapa Makorora, Tanga. Daftari letu lina magoli tu. Mwalimu anataka kujua mpira tunaupotezea wapi, nami nikijaribu kuandika kila pasi, robo ya kwanza haijaisha nimeshapitwa. Nianzie wapi?

JIBU: Dada katibu, achana na kila pasi. Andika pasi za kati (zile za kuanzisha mchezo katikati ya uwanja), mashuti na mipira iliyopotea. Hayo matatu yanamtosha mwalimu.

Laza karatasi ya A4, moja kwa kila robo. Juu andika nani kavaa herufi gani za nafasi, GS hadi GK (GS na GA hufunga, WA na C huwalisha, GD na GK hulinda), kwa majina. Binti aliyeanza WA huweza kuhamia C robo inayofuata, na ukiandika herufi tupu makosa yake atabebeshwa mwenzake. Kisha kila pasi ya kati ipewe mstari wake: namba, yetu (Y) au ya wapinzani (W), halafu yote yaliyotokea mpaka goli lipatikane. Yenu yaandike juu ya mstari, ya wapinzani chini yake. Shuti lililokosa ni alama ya mkwaju (/). Lililoingia, mkwaju ndani ya duara.

Mpira ukipotea, andika mchezaji, sababu na theluthi ya uwanja. H ni hatua (kutembea na mpira), T ni kukaa na mpira zaidi ya sekunde 3, E ni kuingia eneo lisilo lake, P ni pasi iliyokatwa au iliyotoka nje. Theluthi ya golini kwenu ni 1, ya kati 2, ya kufungia 3. Kwa hiyo “WA-P3” maana yake WA wenu katoa pasi mbaya karibu na duara la kufungia.

Wengi huharibu hesabu kwenye adhabu. GD wenu akimgusa mfungaji wa wapinzani, hamjapoteza mpira, kwa sababu hamkuwa nao. Iweke K (kugusana) pembeni, kwenye safu ya adhabu, maana hata hizo zikizidi zina lake la kusema. Lakini GA wenu akimsukuma beki huku mpira uko kwenu, huo umepotea: GA-K3.

Pasi ikianguka, kosa la nani? Kubalianeni kabla ya mechi. Sisi tunapendekeza hivi: mpira ukigusa mikono yote miwili ya mpokeaji, kosa lake, vinginevyo, la aliyetoa. Si haki kamili kila mara, ila mkibadili kipimo kila wiki hamtaweza kulinganisha mechi na mechi.

Kaeni wawili. Mmoja haondoi macho uwanjani, anataja tu: “WA, pasi, tatu!” Mwingine anaandika bila kuinua kichwa. Tumieni penseli, kwani wino hutapakaa mkono ukiwa na jasho, na ubao wa kubania karatasi, upepo wa pwani mnaujua.

Robo ikiisha, kagueni kabla maji hayajanywewa. Kila goli hufuatwa na pasi ya kati, na timu hupokezana bila kujali nani kafunga. Basi pasi za kati za robo ni jumla ya magoli ya timu zote mbili, ongeza 1. Matokeo yakiwa 9 kwa 7, mistari iwe 17. Ikiwa goli la mwisho liliingia na filimbi ikalia hapo hapo, iwe 16. Na pasi zenu na zao zisipishane zaidi ya moja. Hesabu ikikataa, kuna goli au mstari umeruka. Utafuteni wakati mechi bado iko kichwani.

Mwisho, hesabuni pasi zenu za kati zilizozaa goli bila wapinzani kuupata mpira. Mkiwa na 9 na zikazaa 4 tu, msikimbilie kumlaumu GS. Tazameni kwanza C na WA wamepoteza mingapi kabla haujafika kwake.

SWALI: GS wetu kafunga 4 kati ya 5, GA kafunga 15 kati ya 30. Je, GA aache kupiga? (Mwalimu, Pongwe)

JIBU: Bado, mwalimu. Mashuti 5 ni machache mno kumpima mtu; subiri yafike 30 hivi, hata kama ni ya mechi kadhaa. Tena angalia anapigia wapi. Duara la kufungia lina nusu kipenyo cha mita 4.9. Chora kwenye karatasi, ligawe mita 2.5 kutoka kwenye mlingoti, weka kila shuti mahali pake. Huenda GS anafungia chini ya pete, GA anabaki na yale ya mbali. Na kwa kuwa timu hubadilishana pande kila robo, linganisha robo ya 1 na ya 3 dhidi ya ya 2 na ya 4. Uwanja ukiwa wazi upande wa bahari na kusi inavuma, upande mmoja huweza kumwangusha hata mfungaji hodari.

SWALI: Video ya simu haitoshi? (Mchezaji, Ngamiani)

JIBU: Inasaidia kuhakiki, haichukui nafasi ya karatasi, kwa kuwa mwalimu anahitaji majibu mapumzikoni. Rekodi ukiwa nyuma ya goli, mahali palipoinuka, simu ikiwa imelazwa kwa upana. Zima na uwashe kila robo, ili kila faili lilingane na karatasi yake.